Dirisha la Upande wa Sapiwi

Kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mkoba wake chini, Milembe alifunga dirisha moja. Chumba cha ramani kilikuwa na madirisha mawili. Moja lilitazama soko, nalo aliliacha wazi. La pili lilitazama uwanja ambako malori na pikapu za kutoka Sapiwi hushusha watu, na hilo ndilo alilolifunga, akasukuma komeo mpaka mwisho, kisha akalijaribu kwa kiganja kama lingeweza kufunguka lenyewe.

Bariadi mwezi wa tisa ni joto tupu. Bwana Januarius, mkuu wa ofisi, mtu mnene mwenye kupenda utani, hakuacha kulalamika.

"Mama Sayi, utatukausha humu kama michembe ya viazi."

"Vumbi linaua kompyuta, bosi."

"Na vumbi la sokoni linaibusu?"

Milembe aligeukia meza yake. Alifunua kompyuta, akakunja kile kitenge cha kuifunikia, akangoja mlinzi awashe jenereta.

Nilikuja katika ofisi ile kwa mafunzo ya vitendo, nikitoka chuo kikuu, na mwanzoni niliamini ile habari ya vumbi. Nilikaa kona ya meza yake nikimtazama akifanya kazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye vidole vyembamba vilivyobaki na alama ya kalamu ya wino ingawa kalamu yenyewe alishaiacha. Alizungumza nami kwa upole, akaniita mwanangu, akanifundisha kila alichokijua. Lakini mtu yeyote alipomsifu, aliinamisha uso kama aliyekaripiwa.

Habari yake nyingine nilisimuliwa na Bwana Januarius, kidogo kidogo, siku ambazo Milembe hakuwepo.

Alizaliwa upande wa Sapiwi, katika kaya ya wakulima wa pamba wenye ng'ombe wa kutosha. Baba yake alipofariki, alilelewa na mjomba wake, Mzee Bujiku, ambaye aliuza madume ya ng'ombe ili binti asome mpaka chuo cha uchoraji ramani. Ng'ombe wale walilishwa katika ngitili ya ukoo. Ngitili, kwa asiyejua, ni malisho yanayofungwa masika yote. Hakuna mfugo unaoruhusiwa kukanyaga humo mpaka kiangazi kikali kifike, nyasi za kwingine ziishe. Hapo ndipo hufunguliwa kwa ndama, kwa ng'ombe wazee, na kwa maksai watakaovuta plau mvua zikirudi. Mpita njia akiiona masika ataona pori la nyasi lisilo na mtu wala mnyama. Ndivyo inavyotakiwa ionekane.

Milembe aliijua tangu mtoto. Katika ramani zake za mkono, zile za wino kwenye karatasi ngumu, kila ngitili aliichora kwa mzunguko wa nukta na vishungi vidogo vya nyasi ndani yake. Ramani kubwa ya namna hiyo ilining'inia ukutani kwa miaka mingi.

Kisha zikaja zile nyakati za soko huria. Pamba haikununuliwa tena na chama cha ushirika peke yake. Kampuni binafsi zilimiminika Bariadi na mizani zao na malori yao, na kila kampuni ilitaka kujua ardhi iko wapi. Ofisi ikaletewa kompyuta na programu ya kuchora ramani, na Milembe akapelekwa Mwanza kujifunza pamoja na wachora ramani wa serikali kutoka mikoa mingine. Mkufunzi alikuwa kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, Bwana Marcelo, aliyevaa tai hata wakati wa chai. Programu ilikuwa na orodha ya aina za ardhi: msitu, shamba, makazi, maji, ardhi tupu. Unagusa kipande cha ramani, unachagua aina, na rangi inajaa yenyewe. Milembe alishika haraka kuliko wote. Siku ya mwisho Marcelo aliuliza kama kuna swali, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Aliporudi Bariadi aliichora wilaya nzima upya. Ngitili hazikuwamo katika orodha ya programu. Aliziweka kwenye ardhi tupu, ambayo rangi yake ilikuwa njano hafifu.

Ramani ile ilipelekwa kwenye mkutano wa mwaka wa watumiaji wa ramani za kompyuta serikalini, ikapigiwa makofi. Bwana Januarius alirudi na cheti akakitundika ukutani. Ramani ya wino ikateremshwa, ikaviringishwa na kuwekwa nyuma ya kabati.

Haikupita muda, kampuni moja ya pamba ikaomba mahali pa kujenga kinu na uwanja wa maghala. Wakubwa walifungua ramani mpya, wakaona njano pana upande wa Sapiwi karibu na barabara. Wazee wa kijiji walipopinga, waliambiwa: hapa hapana kitu, ramani inaonyesha. Nguzo za uzio zilisimikwa kiangazi, wakati uleule wa kufungua ngitili.

"Kabla nguzo hazijasimikwa, Bujiku alikuja hapa," Bwana Januarius aliniambia. Alisita, akaangalia mlango. "Mimi nilikuwepo. Laiti nisingekuwepo."

Mzee alikuja amevaa koti lake la kanisani. Milembe alimwinamia kwa salamu.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mayu," mzee akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mtu wetu humu." Alikaa, akapokea chai. "Mwanangu, kuna mtu katika ofisi hii amechora ngitili yetu kuwa mahali patupu. Unamfahamu?"

Milembe alisimama na birika mkononi.

"Huyo mtu," mzee aliendelea, "hata ng'ombe hajawahi kumwona. Anadhani maziwa yanachotwa dukani. Nimewaambia wenzangu kule, tulieni, Milembe yupo, atamtafuta huyo mjinga amweleze. Si utamweleza?"

"Nitamweleza, mjomba."

"Mweleze vizuri. Usimtukane. Pengine mama yake hakumfundisha."

Bwana Januarius alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mzee alimaliza chai yake, akashukuru kwa kusema wabeja, akamwombea mpwa wake baraka kazini, akatoka kwenda kupanda pikapu. Milembe alimsindikiza kwa macho kupitia lile dirisha. Kisha akalifunga. Tangu siku hiyo hakurudi kijijini, hata kwa sikukuu. Akituma sukari au khanga, aliwapa watu wengine wapeleke.

Nilipojiunga nao, jambo lilikuwa halijaisha. Kampuni ilikuwa imechukua nusu ya ngitili, na sasa iliomba nusu iliyobaki. Ombi lingeamuliwa baada ya mkutano wa watumiaji wa mwaka ule, kwa kufuata ramani ambayo ofisi ingetoa katika toleo jipya la programu. Milembe angeweza kurekebisha. Lakini kurekebisha kulitaka maelezo ya maandishi: kosa lilikuwa lipi, na nani alilifanya. Barua hiyo ingesomwa mbele ya kijiji.

Tulikwenda Mwanza pamoja kwa basi la kupitia Lamadi, mimi nikibeba mirija ya ramani. Njia nzima alizungumza juu ya mwanawe Sayi na juu ya bei ya mchele wa Nassa. Kuhusu ngitili hakusema neno.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa ardhi, maji, misitu na takwimu, kila mmoja na beji shingoni. Marcelo, sasa mnene kidogo, alionyesha toleo jipya. Picha ilitupwa ukutani kwa mashine. Alisema ili tuone tofauti ataanza na kazi nzuri kuliko zote za toleo la zamani, na kwenye ukuta ikatokea wilaya yetu.

"Hii ni ya Bariadi. Mchoraji yuko humu, simama mama tukuone! Makofi!"

Walipiga makofi. Milembe aliinuka nusu, akakaa.

"Sasa angalieni," Marcelo aliendelea, fimbo yake ikigusa njano. "Mwekezaji anakuja. Zamani angezunguka na baiskeli mwezi mzima. Leo anaona mara moja: hapa ni tupu, hapa ni tupu. Hiyo ndiyo faida ya—"

"Pale si patupu."

Sikumtambua kwa sauti. Nilipogeuka, Milembe alikuwa amesimama wima, mikono imeshika mgongo wa kiti cha mbele.

"Samahani, mama?"

"Pale uliposhika si patupu. Pale ni ngitili."

"Ngi... nini?"

Watu wachache walicheka. Aliwaeleza. Alieleza masika na kiangazi, ndama na maksai. Sauti yake ilikatika mara mbili, naye akaendelea.

Bwana mmoja wa mbele aligeuka. "Kwa hiyo ni nyasi? Dada yangu, nyasi si ziko kila mahali?"

"Mwezi wa kumi njoo kwetu unitafutie," Milembe akasema, na sasa kicheko kikamgeukia yule bwana. Lakini Milembe hakucheka. "Nilipaweka kwenye ardhi tupu kwa sababu katika orodha hamkuwa na mahali pake. Watu wamenyang'anywa kwa ramani hii. Msiipigie makofi."

Marcelo hakuwa mtu mbaya. Aliona uso wa Milembe, akashusha fimbo.

"Pole sana, mama. Toleo jipya lina nafasi ya kuongeza aina zenu wenyewe, kwa jina lolote mnalotaka. Nitawaonyesha." Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini mwalimu ni mwalimu. "Ingawa, kusema kweli, hata lile la kwanza liliruhusu. Pale chini ya orodha, ule mstari mtupu, unaandika tu. Ilikuwa kuuliza."

Milembe alikaa. Mchana wote aliandika kila alichofundisha Marcelo, na hakugusa chakula.

Tuliporudi alichomoa ramani ya wino nyuma ya kabati, akaitandaza mezani, na kwa kuifuata akaziweka ngitili zote za wilaya, moja baada ya nyingine, kwa rangi ya kijani aliyoichagua mwenyewe. Aliandika ile barua ya maelezo. Bwana Januarius alipoisoma alijaribu kumsaidia.

"Andika 'kosa la kiufundi'. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mama Sayi, acha ukaidi. Hata barua tutatuma kwa tarishi."

"Nitaipeleka mwenyewe."

Alinichukua nikamshikie ncha ya ramani. Kijiji kilikuwa kimekutana nje ya darasa la shule. Nyuma ya vichwa vya watu ulionekana uzio wa kampuni, na ng'ombe wawili waliokonda wakisugua shingo kwenye nguzo. Milembe alisoma barua kwa Kiswahili, kisha akairudia kwa Kisukuma. Alipofika penye jina la mchoraji, alilitaja lake kama lilivyoandikwa.

Mama mmoja aliguna kwa nguvu. "Kumbe panya alikuwa ndani ya ghala!"

Wengine wakamtazama Mzee Bujiku. Alikuwa amekaa mbele, na koti lake lilelile. Aliinamia ramani niliyoishika, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Basi yule niliyemtukana ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mjomba."

"Nikamtukana na mama yake. Dada yangu mwenyewe."

Milembe alipiga magoti mavumbini.

"Na ukanimiminia chai." Mzee alitikisa kichwa. "Matusi si kitu, mayu. Ila nilirudi hapa nikawaambia hawa tena, tulieni, yupo mtu wetu. Walitulia. Kama wasingetulia, pengine nguzo zile zisingesimama."

Mwenyekiti wa kijiji aliipokea ramani, akagonga muhuri.

Nusu ile iliyobaki ilipona. Ombi la kampuni lilikataliwa. Nusu ya kwanza haikurudi. Kinu kilijengwa, na nilipopita miaka ya baadaye paa lake lilikuwa linang'aa kutoka mbali. Mzee Bujiku alianza tena kupitia ofisini akija mjini. Alisalimia, aliulizia Sayi. Chai hakuinywa. Alisema daktari amemkataza sukari, na Milembe alipomletea isiyo na sukari alisema ana haraka.

Asubuhi ya siku yangu ya mwisho nilifika mapema. Nilidhani, baada ya yote yale, dirisha lingekuwa wazi. Milembe aliingia, akalifunga, akalijaribu kwa kiganja, ndipo akaweka mkoba chini. Nje ya kioo pikapu ya Sapiwi ilikuwa inashusha watu na kuku.

Mimi si mtu wa maswali. Miezi yote ile nilikuwa nimesikiliza tu. Lakini nilijua kuwa nisipouliza swali langu siku ile nitaondoka nalo.

"Mama," nikasema, "siku ile ya mafunzo, mkufunzi alipouliza kama kuna swali, kwa nini hukuuliza ngitili uiweke wapi?"

Alikunja kitenge cha kompyuta, akalinganisha pembe zake.

"Wenzangu walikuwa watu wa Dar na Arusha," akasema. "Niliona aibu kutaja nyasi za kwetu."