Programu ya Kuongeza Saa Mbili

Binti wa kaka yangu aliandika programu za kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la mshona viatu. Nyaya zilitapakaa sakafuni kama utumbo wa kuku. Baba yake, seremala mstaafu, hakupanda ngazi zile bila utani.

"Mwanangu, leo umeitia adabu hiyo mashine, au yenyewe ndiyo imekutia?"

"Tumetoka sare, baba."

Mwana wa kiume wa kaka yangu hakutaniana na baba yake. Waligombana, kijana akaenda kufanya kazi kiwandani ng'ambo, na miaka ikapita bila salamu. Kaka yangu alipolazwa kusubiri upasuaji wa moyo, alitaka kitu kimoja: aongee na kijana yule kabla ya kisu.

"Niambie mimi, baba, nimfikishie," binti alisema.

"Hili halibebwi na mtu. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Kijana alikubali. Kiwandani kwao simu hufungiwa kabatini, hutolewa wakati wa mapumziko tu. Basi aliingiza saa ya mapumziko yake kwenye programu aliyoitunga dada yake, nayo ikaigeuza kuwa saa ya kwetu. Sisi tuko mbele yao, kwa hiyo binti alikuwa ameiamuru iongeze saa mbili, basi. Angeipa jina la mji anakoishi kijana, ingetafuta yenyewe tofauti ya siku hiyo. Hakuona haja. Wala hakukumbuka kwamba nchi ile husogeza saa zake mbele msimu wa joto ukiingia, tofauti ikabaki saa moja.

Zamani ukimpigia mtu wa mbali, neno la kwanza lilikuwa: huko kwenu saa hizi ni saa ngapi? Vijana wa leo wanaona aibu kuuliza mtu kitu ambacho mashine imekwisha kukijibu.

Siku ya upasuaji nilikaa kando ya kitanda.

"Bado tu?" kaka yangu aliuliza.

"Bado sana, baba. Ngoja nikachaji simu kwa wauguzi, isije ikazima katikati ya maneno."

"Nenda. Baba yako mdogo atanichosha kwa hadithi zake nilizokwisha kuzisikia."

Simu iliachwa mezani kwa wauguzi, mlio umezimwa kwa ajili ya wagonjwa. Binti alipoifuata, alikuta kijana amepiga na kupiga, saa nzima kabla ya ile iliyotajwa na programu: kwao msimu wa joto ulikwisha kuingia. Alipompigia, haikupatikana. Kabati lilikwisha kufungwa, na wauguzi walikuwa wanasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji.

"Amepiga?"

"Utaongea naye ukitoka, baba."

Hakutoka akiwa hai.

Jioni, zamu ilipokwisha, kijana alipiga. Alipoambiwa, aliuliza, "Alitaka kuniambia nini?"

Binti alinigeukia, akidhani pengine mimi niliambiwa. Nilitikisa kichwa.

"Alikusubiri," alimjibu. "Mimi hilo tu ndilo ninalolijua."