Wifi wa Bwawani

Nina wivu. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunichunguza. Mama mzazi anasema nimezaliwa nao, kwamba nikiwa mchanga nililia kila baba alipombeba mtoto wa jirani. Kwa hiyo siku mume wangu aliporudi kutoka bwawani na nguo yake ya mashindano imebanwa pini ubavuni, sikumpokea kwa vigelegele.

"Nani kaweka hizi pini?"

"Mwalimu wa kuogelea. Nguo inanipwaya, kasema uipunguze hapo alipobana."

Mimi ni fundi cherehani. Nusu ya sare za shule mtaani kwetu zimepita chini ya sindano yangu. Mwili wa mume wangu nimeupima mimi tangu tukiwa wachumba, na leo mwanamke mwingine, mwenye filimbi shingoni, ananionyesha pa kushona kwenye mbavu zake! Nikazing'oa pini zote. Nikamwambia anyanyue mikono nipime mwenyewe. Aliponyanyua, akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kooni, kilitoka chini kabisa.

"Vumbi hilo," akasema.

"Vumbi la bwawani?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikaipunguza nguo kwa vipimo vyangu.

Mume wangu ni fundi wa friji. Chumba chetu cha mbele kimejaa friji za watu, nyingine hazina milango, na ukikaa vibaya unakalia bomba la shaba. Anabeba mashine mgongoni ghorofa hadi ghorofa, na mteja akifungua mlango anamwangalia begani kuona kama kaja na vifaa, sura yake haimhusu. Labda ndiyo maana alipenda mashindano. Kule watu wanasimama kando ya barabara na kumpigia kelele yeye mwenyewe. Ni mashindano ya ajabu kidogo: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia, yote kwa mkupuo mmoja. Hajawahi kushinda. Mwaka mmoja alikuwa wa pili kutoka mwisho, akarudi nyumbani kifua mbele, anasalimia mpaka watu wasiomjua.

Kuogelea alijifunza ukubwani, kwa huyo mwalimu. Zamani maji yakimfika magotini anasoma dua. Mwalimu akamshika mkono, akamwelekeza, akamtoa hofu. Namshukuru, sikatai. Ila siku ya kwanza tulipokutana aliniita wifi, yaani yeye ni dada wa mume wangu. Wifi! Mama mkwe wangu kazaa wanaume watupu, huyu kaota wapi?

Kabla ya miezi ya joto, na kabla ya zile pini, nimonia ilimlaza mume wangu. Wodini nilimwogesha, nikamlisha kwa kijiko, nikalala kwenye kiti. Alipotoka alikuwa kabaki mifupa na maneno. Daktari alisema asishindane mpaka amsikilize kifua tena na aridhike. Jioni moja akaja na habari kwamba daktari ameridhika. Akala yamini. Nilitaka sana iwe kweli, nikamwamini.

Siku ya mashindano jua lilitoka na hasira zake. Asubuhi bado, lami inaanza kunata kwenye viatu. Nilisimama nyuma ya kamba na wake wenzangu, maana yake wake za washindani wengine, tusielewane vibaya. Mume wangu alitoka majini akiwa miongoni mwa wa mwisho. Mwalimu alimkimbilia, akamnyooshea mkono, akamwambia kitu. Mume wangu akatikisa kichwa, akaukwepa ule mkono, akaiendea baiskeli. Wana nini hawa cha kuambizana mbele za watu?

Kwenye baiskeli hakupata shida. Ikaja mbio, mizunguko kadhaa inayopita pale pale nilipo. Mzunguko wa kwanza alinipungia mkono. Uliofuata alipita hakuniona, na mimi nimevaa gauni la njano. Hapo ndipo mwalimu akaja kusimama pembeni yangu.

"Wifi, mtoe mume wako. Daktari hajamruhusu."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Kifua kinambana, kakiri kwangu juzi, akanikataza nisikwambie. Pale majini nimemwambia ajitoe, hanisikii."

Mtu mwingine angeshtuka kwa hofu. Hofu ilikuja, lakini ilipanga foleni nyuma ya wivu. Kifua nilichokichua kwa mikono yangu, kikibana anaenda kukisimulia bwawani! Mimi naambiwa vumbi. Nilimkata mwalimu jicho ambalo nadhani analikumbuka.

"Mtu wa nje akimshika tu, mwamuzi anamtoa," akaniambia. "Ndiyo sheria. Mimi kanikwepa, nikimshika atanisukuma. Wewe hatakusukuma."

"Wewe umejuaje hatanisukuma?"

Kabla hajajibu, mume wangu akatokea kwenye kona. Wenzake wanachuruzika jasho, yeye ngozi kavu, midomo imepauka, miguu inamvuta kushoto. Nikapita chini ya kamba.

"Mama, toka barabarani!" watu wakapiga kelele.

Nikamkumbatia kiuno, nikafunga mikono.

"Niache, bado kidogo."

"Kidogo chako nakijua."

Mwamuzi akapuliza kipenga, akatangaza namba yake imetoka. Mume wangu aliniangalia kama mtu niliyemchomea nyumba. Hakunisukuma. Akaniangukia na uzito wake wote.

Kwenye hema la huduma ya kwanza walimwekea barafu makwapani na shingoni, wakamtundikia dripu. Muuguzi akanivuta kando akasema angeongeza mzunguko mmoja tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Nikaitikia, nikarudi, nikakaa chini kando ya kitanda. Alipofumbua macho sikumpa pole.

"Kwa nini yeye ajue, mimi nisijue?"

Akaliangalia paa la hema.

"Yeye nikimwambia kifua kinauma, ananipunguzia mazoezi, basi. Wewe utaogopa. Nilikuona wodini, mke wangu. Uliogopa mpaka ukaacha kugombana na mimi."

Nikairudisha barafu iliyoteleza shingoni mwake. Kisha midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikadhani ni ile barafu, nikamwita muuguzi kwa mkono.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Sitaki kurudi kule wodini." Akalia, mtu mzima, kwa sauti. Tangu tuoane sijawahi kumwona analia, hata alipomzika baba yake. Nikamfuta uso kwa upindo wa gauni, akanishika mkono akauminya.

"Usimwambie mwalimu kama nimelia."

"Simwambii."

Hatukukaa sana, nikasikia hodi mlangoni mwa hema. Alikuwa yeye, na filimbi yake.

"Anaendeleaje? Naweza kumwona?"

"Kalala," nikasema, na mume wangu macho kodo nyuma yangu, kamasi zinamtoka. Nikalivuta pazia la hema, nikalishika kwa ndani mpaka nikasikia nyayo zake zinaondoka.