Jicho Jekundu la Msimu wa Pamba

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na moja, kichwa kilinishika kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kuli kwenye ghala la pamba pale Bariadi. Nilikuwa na gunia begani, jicho la kulia likaanza kuchuruzika machozi, tundu la pua la upande huo likaziba, kope likaanguka. Halafu maumivu. Nimewahi kupigwa pembe na dume la ng'ombe. Nimewahi kujikata mguu na shoka nikashonwa bila ganzi. Hizo zilikuwa salamu tu. Hiki kilikuwa kama mtu ameingiza msumari wa moto nyuma ya jicho na anauzungusha bila haraka.

Nililitupa gunia nikaanza kuzunguka ghala. Kukaa siwezi, kulala ndiyo kabisa. Nilipiga kichwa ukutani mpaka wenzangu wakanishika mikono. Baada ya kama saa moja kikaacha ghafla, kama mashine iliyozimwa. Kesho yake, saa ile ile, kikarudi. Kiliendelea hivyo miezi miwili, kikaondoka, nikamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata pamba ilipopasuka, kikaja tena. Kila msimu wa pamba.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Nalisema mapema ili asije mtu akasema mzee huyu anajifanya daktari. Mimi si daktari. Mimi ni mgonjwa, na kazi hiyo nimeifanya kwa muda mrefu kuliko madaktari wengi walivyofanya ya kwao.

Kila mtu alikuwa na dawa. Zahanati walinipa panado. "Ni kichwa cha kawaida, baba, kunywa maji mengi." Fundi wa meno aling'oa magego matatu ya juu, yote mazima, la mwisho akalitazama mkononi akasema, "Hili nalo halina kitu." Sasa alikuwa analing'oa kwa nini? Kanisani niliombewa. Mhubiri alinisukuma paji la uso, nikaanguka kwa adabu, maana watu walikuwa kwenye foleni. Nikachanjwa chale kwenye kipaji cha uso, zikapakwa unga mweusi. Ziko hapa mpaka leo, ukija nitakuonyesha.

Lakini aliyeniumiza kuliko wote ni mfumu, mganga wa kupiga ramli kwa kuku. Alimpasua kifaranga, akatazama ndani, akasema kuna mtu aliyenyonya ziwa moja na mimi ambaye hapendi mafanikio yangu. Ndugu wa tumbo moja nilikuwa naye mmoja tu, kaka yangu. Mafanikio yenyewe wakati huo yalikuwa baiskeli. Basi nikamnunia kaka yangu miaka kumi na moja kwa ajili ya baiskeli na kifaranga. Alikufa hatujasalimiana. Hapo simlaumu mganga peke yake. Miguu iliyompita kaka njiani ilikuwa ya kwangu.

Mwaka 2015 nilipeleka mchele Lamadi, nikashikwa sokoni katikati ya watu. Nikaanza kuzunguka meza za samaki, ngumi jichoni. Wengine walicheka, wengine wakasema mzee kalewa. Mchuuzi mmoja wa samaki, mtu wa makamo mwenye aproni ya nailoni, akanikamata ukosi.

"Jicho gani?"

"La kulia."

"Mimi la kushoto. Ukishikwa unalala au unazunguka?"

"Huoni? Nazunguka!"

"Karibu kwenye ukoo, mzee. Ingiza kichwa humu, acha aibu. Sato hawa wamekufa, hawatakucheka."

Akanisukuma kichwa kwenye sanduku la barafu. Nilitoka na magamba kwenye nywele, lakini yale makali yalipungua kidogo. Tena si barafu iliyonipoza. Ni lile swali. Miaka kumi na tisa nilikuwa nauliza watu, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Mchuuzi huyu alinifundisha mambo yake. Kahawa nyeusi nzito mara tu jicho linapoanza kuwasha. Pombe usiiguse hata tone msimu wa maumivu, kwani inakiita kichwa ndani ya dakika chache. Alinifundisha na pilipili puani, hiyo nilijaribu mara moja, na sitaki tuizungumzie. Sisemi kahawa inaponya. Nasema inasaidia kidogo, na anayekwambia zaidi ya hapo anataka mbuzi wako.

Tukawekeana agano la simu. Ukishikwa, unapiga. Mwenzako hakupi pole wala haombi. Anaongea tu, na simu haikatwi mpaka kiishe. Yeye alikuwa ananisimulia samaki: nani kaleta sangara waliooza, nani kadanganya mzani. Mimi nilikuwa namtukania majirani zangu. Mke wangu alikuwa anasema, "Mnaongea nini nyinyi, mbona mmoja analia na mwingine anataja furu na sangara?" Ndiyo dawa hiyo, mama. Mtu anayejua.

Ni yeye aliyenipeleka Mwanza kwa daktari mmoja, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniuliza maswali matatu. Upande gani? Kinakaa muda gani? Unatulia au hutulii? Kisha akautaja ugonjwa kwa jina la Kizungu ambalo sijaweza kulishika, akaniandikia kwenye karatasi. Nilikasirika. Akadhani nimemkasirikia yeye.

"Hapana, binti yangu," nikamwambia. "Maswali matatu tu! Nimetoa magego, nimetoa kaka, kumbe ni maswali matatu!"

Alinipima moyo, akanipa vidonge vya kuzuia, na akaniambia kuhusu oksijeni, ile hewa ya mtungi. Unakaa, unavaa barakoa yenye mfuko, hewa inafunguliwa kwa nguvu, unavuta robo saa. Moto na sigara visikaribie. Nilijaribu pale pale hospitalini nilipofuatwa na kichwa saa zake. Dakika kumi na mbili. Nilitoka kwenye ile barakoa nikiwa nalia kwa macho yote mawili, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

Nikarudi kwetu na karatasi yangu. Kwenye kituo kimoja cha afya, mtumishi aliisoma, akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Mzee, oksijeni ni ya watoto wenye nimonia na watu wanaokata roho. Wewe unatembea."

"Natembea kwa sababu siwezi kukaa!"

"Basi endelea kutembea."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nikanunua mtungi wangu mwenyewe, kwa karatasi ile ile ya daktari. Mimi sijawahi kubembeleza mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka juzi, msimu wa pamba, nilikuwa kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga. Akaja mjane mmoja wa makamo kutoka kijiji kimoja upande wa Ngulyati, na gunia lake la mpunga kwenye baiskeli. Ilipofika saa nane mchana nikamwona anazunguka rundo la pumba. Anazunguka, anazunguka, kiganja jichoni. Wanawake wengine kwenye foleni wakavuta mizigo yao wakasogea mbali naye. Si kwa huruma. Walikuwa wanamwogopa.

Nikamfuata, nikamsalimia kwa Kisukuma kama unavyomsalimia mama. "Mwadila, mayu. Jicho gani?"

Akasimama kama aliyetishiwa fimbo. "Na wewe baba umekuja kulitazama?"

"Nauliza tu. La kulia au la kushoto?"

"Ni la kulia. Haya, waite na wengine waje."

Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya. Nikafunga mashine, nikampeleka ndani, nikamfungulia mtungi. Kilipokwisha akanieleza. Kijijini kwake ndama wa jirani walikufa, kisha mtoto wa jirani. Watu wakakumbuka jicho lake, kwamba kila mwaka linakuwa jekundu wakati ule ule. Sasa hakuna anayeitikia salamu yake. Hakuna anayempa moto wala chumvi. Na Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kijiji, watu wapige kura ya siri, kila mtu aandike jina la mchawi.

Msukuma yeyote anajua kinachofuata baada ya jina. Kwanza jina, halafu nyumba, halafu panga. Bibi zetu wangapi wamekwisha kwa sababu walipikia kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote na moshi ukawaharibu macho?

Hapa ndipo damu yangu ilipochemka, na mpaka leo haijapoa. Miaka yote ile jicho langu lilikuwa jekundu, wakasema nimerogwa. Jicho lake likawa jekundu, wakasema ni mchawi. Ugonjwa mmoja, upande mmoja, msimu mmoja. Mimi nilikuwa na suruali na ng'ombe wanne, yeye alikuwa na kitenge na kaburi la mumewe. Tofauti ni hiyo tu!

Jumamosi nikaenda. Mchuuzi wangu alikuja kutoka Lamadi, tukapakia mtungi kwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Tukawakuta wamekaa, karatasi zimeshakatwa. Mjane alikaa peke yake, na nafasi kati yake na watu ingetosha kulaza ng'ombe.

Mwenyekiti akaniona. "Mzee wa mashine, wewe si wa kijiji hiki."

"Mpunga wenu unakobolewa wapi?"

Watu wakacheka, nikapewa nafasi. Nikaeleza. Nikaonyesha karatasi ya Mwanza. Mwenyekiti akaigeuza juu chini.

"Kiingereza hiki. Tutajuaje? Labda mmepanga na huyu mama."

Sina elimu ya kubishana na mtu wa namna hiyo. Nina kichwa. Ulikuwa msimu wangu nao. Nikamwambia kijana mmoja aniletee kopo la wanzuki, pombe ya asali, kwenye kilabu cha jirani.

Mchuuzi akanishika mkono. "Mzee, usifanye. Kichwa chenyewe unacho kimoja."

"Niachie."

Sikuwa nimegusa pombe msimu wa maumivu kwa miaka minane. Nikanywa lote. Nikasema, "Kaeni. Tazameni jicho la kulia. Mtungi usifunguliwe mpaka niseme."

Tukakaa. Mama mmoja akapaza sauti, "Tumeitwa kumtazama mlevi!" Mwingine akamjibu, "Angalau huyu anakunywa mchana, si kama wako." Wakacheka. Nilikuwa nawasikia vizuri, halafu nikaanza kuwasikia kwa mbali. Jicho likawasha. Kichwa kikaja.

Sitaelezea tena. Nilizunguka ule mkutano kama ng'ombe wa kupura, machozi upande mmoja, kamasi upande mmoja. Vicheko vikakatika. Nikamfuata mwenyekiti mpaka kwenye kiti chake nikainama usoni kwake.

"Niite mchawi."

"Mzee, kaa..."

"Jicho si ndilo hili? Ndama wako wangapi wamekufa? Niite!"

Hakuniita. Nikaashiria. Mchuuzi alikuwa ameshafungua kisanduku cha barakoa, anafoka, "We mwenye sigara, ondoka! Unataka turuke wote na kijiji chenu?" Nikavuta. Robo saa hivi, kikaacha, nikakaa kwenye benchi kama mtu mwingine.

Nilidhani yamekwisha. Ndipo mzee mmoja akasimama akasema, "Huyu tumemwona. Yeye ni mgonjwa kweli. Lakini huyu mama tutajuaje?"

Umesikia? Mimi niliaminiwa. Yeye bado. Mwanamke huyo ilibidi asubiri saa nane yake, na kijiji kizima kikasubiri naye, watu wanakula karanga, kama wanasubiri basi. Ilipofika akaanza kuzunguka mbele ya watu waliokuja kuandika jina lake. Aliona aibu akajifunika kitenge. Mwenyekiti akasema afunue, wamwone. Wakamwona. Nikamvalisha barakoa mimi mwenyewe. Nikamwongelesha muda wote. Nilimtukania mwenyekiti kwa Kisukuma, kwa sauti ya kutosha.

Jicho likatulia. Mwenyekiti akakusanya karatasi zake akasema, "Ajenda imeahirishwa."

Kuahirishwa! Hakuna aliyesema samahani, mayu. Hakuna aliyesema tumekosea. Wamemwekea jambo lile kwenye mfuko wa shati, kama kiberiti cha kutumia baadaye. Watu waliniambia nishukuru, kwa kuwa hakuguswa. Nishukuru nini? Kwamba hawakumkata mgonjwa?

Ila hakuguswa, na hakuhama. Mchuuzi alitaka ahamie Lamadi, kuna chumba. Akakataa. "Mume wangu nimemzika hapa. Wahame wao." Siku hizi majirani wawili wanamsalimia, na mmoja alikuja kimya kimya kuuliza kama hewa ile inafaa na kwa pumu. Tuko watatu kwenye agano la simu. Yeye ndiye anayetukana vizuri kuliko sisi wote, mchuuzi amekubali hadharani.

Anayesoma hapa na ana kichwa kama hiki, asikae nacho kimya. Sio kila kichwa ni hiki, nenda upimwe. Ukiulizwa maswali, jibu. Usipoulizwa, yajibu hivyo hivyo.

Leo nina miaka sitini. Nina mashine moja ya kukoboa mpunga na moja ya kusaga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la rangi, vyumba sita. Ng'ombe kumi na saba. Ekari tisa za pamba, nne za mpunga. Plau mbili. Pikipiki moja, si mpya. Mitungi miwili ya oksijeni: mmoja uko chumbani kwangu, mmoja uko Ngulyati nyumbani kwa yule mjane, na ufunguo wake anao yeye.