Mbili juu ya Kumi

Kando ya Mama Laurentine, anayeuza mandazi soko la Manika, huketi muuza filamu mwenye ubao na maneno mengi. Kila filamu anayomtilia mteja kwenye flashi huipa alama kwa chaki, jicho moja amelifumba kama mwalimu anayesahihisha. Za mapenzi hupata nane. Za kutisha, zote, mbili juu ya kumi. "Bazimu ya kupakaa unga," husema, akijipangusa chaki kwenye suruali. "Mi sijaogopaka." Ila Mama Laurentine, aliyejaliwa masikio na Mungu, anajua kwamba jirani yake huyo huzitazama filamu hizo bila sauti, maana redio ya muuza filamu haizimwi hata siku moja.

Jana Zéphirin, mchimbaji wa kobalti, aliikataa alama hiyo ya mbili. "Tata, mu shimo macho haisaidiake kitu. Woga inaingiaka mu masikio. Ukiogopa, utafuta ile mbili mbele ya bantu bote?"

"Nitafuta!"

Zéphirin akazima redio, akaanzisha filamu ya kutisha kwenye kompyuta ya muuza filamu, akafunika skrini kwa kitambaa cha mandazi, akaongeza sauti. Zikasikika hatua za miguu, kisha kimya. Halafu vijiwe vikaanza kudondoka, kimoja kimoja. Hata Zéphirin aliacha kucheka. Muuza filamu akaruka, akaushika mkono wa Mama Laurentine uliojaa unga.

"Mama, sala! Sala!"

"Tusali kwanza, tata, ao ufute kwanza?"

Akafuta, akaandika tisa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukumwachilia mama mpaka redio ilipowashwa.