Tiketi za "bure" za wafanyakazi wa ndege: nilimtuma mshenga Mtwara kwa standby, nusura nikose mke

Wakuu, salamu kwenu nyote, na nyie mnaosomaga kimyakimya bila kuacha hata like, nawaona pia.

Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu. Leo nalimwaga hapa kama lilivyotokea. Majina nimebadilisha, na shirika silitaji kwa sababu bado ndilo linalonilisha.

Mie nafanya kazi uwanja wa ndege hapa Dar. Msifikirie urubani. Nakaa kwenye dirisha dogo la watu ambao mabegi yao hayajafika. Kazi yangu ni kutukanwa na watu waliovaa vizuri, kisha kuwajibu "pole sana".

Lakini mtaani kwetu Segerea, nikipita na kile kitambulisho shingoni, mie ndiye mwenye ndege.

Mama mwenye nyumba alishanipa oda: "Idi baba, siku ukienda Bukoba niwekee kiti cha dirishani." Kinyozi wangu anataka Dubai, akaone tu, halafu arudi jioni.

Wote wamesikia kuna tiketi za wafanyakazi. Ngoja niwaeleze hiyo neema ilivyo.

Tiketi yenyewe inaitwa standby. Unalipa kodi na kanauli kadogo. Kisha unaenda uwanjani, unasimama pembeni ya kaunta, unawatazama binadamu waliolipa nauli kamili wakipita mmoja mmoja kama watu wanaoingia peponi. Wakiisha, kama kuna kiti kimebaki, unaitwa. Kama hakipo, unarudi nyumbani na begi lako, unawasalimia upya majirani uliowaaga asubuhi.

Na kuna masharti, wakuu. Mtu wa standby avae kiheshima, hakuna kandambili, hakuna viatu vya wazi. Asilalamike. Asiwasumbue abiria waliolipa. Asiwaambie amelipa kiasi gani. Yaani unatakiwa upendeze kama bwana harusi na unyamaze kama mtungi.

Akikosea mgeni wako, unaadhibiwa wewe mfanyakazi.

Sasa tuje kwenye kisa.

Nina mchumba, anaitwa Salma, mwalimu wa shule ya msingi Mbagala. Kwao Mtwara. Mwanamke ambaye akicheka chumba kinakuwa kama kimefunguliwa madirisha yote. Tukakubaliana nitume posa kwa baba yake.

Wenye kujua mila za kwetu pwani mnajua muoaji hajipeleki. Anakwenda mshenga. Wangu alikuwa ba'mdogo Shomari wa Mtoni, mstaafu wa bandarini. Huyu mzee ameposea nusu ya vijana wa Mtoni na Tandika. Sijawahi kusikia amekataliwa. Akianza kuongea, hata mtu aliyekuja kudai kodi anakaa chini na kuomba maji.

Mzee mwenzake wa kumsindikiza alikuwa hukohuko Mtwara, mjomba wa mama. Kwa hiyo nilihitaji kiti kimoja tu.

Mtu mwenye akili angenunua tiketi. Au angempandisha basi, afike na vumbi lake lakini afike. Mie nikawaambia wakwe, kwa sauti ya mtu mkubwa: "Mzee atakuja kwa ndege."

Mara ya kwanza ndege ikajaa. Wakwe walikuwa wameshapika pilau, wajomba wamekaa barazani na kanzu zilizopigwa pasi. Mshenga yuko Dar, kasimama kando ya kaunta.

Jioni Salma akanipigia kutoka Mtwara, alikokwenda likizo ya shule.

"We Idi, baba anauliza hiyo ndege yenu inaendeshwa kwa mafuta au kwa dua?"

"Mwambie samahani, ilijaa."

"Si unafanya kazi humo?"

"Nafanya."

"Sasa ukifanya kazi benki, hela zikiisha huwa wanakufukuza wewe kwanza?"

Akashusha sauti. Baba yake amepanga siku nyingine, Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Ila amesema watu wake hatawavalisha kanzu mara ya tatu. Mshenga asipoonekana siku hiyo, maongezi yamekwisha, na Salma atafute mtu mwenye basi.

Hapo mtasema nilijifunza. Hapana wakuu. Sie watu wa ndege tuna ugonjwa wetu. Tunaingia kwenye kompyuta, tunaona viti vitupu, tunadhani ni vyetu. Nilichungulia ndege ya Ijumaa, viti kibao. Jumamosi, viti kibao. Nikalala kama mtoto aliyeshiba uji.

Nilichosahau ni korosho.

Mnada wa korosho ukawahishwa, na kila mnunuzi mwenye mkoba na simu mbili akakumbuka kwamba anahitajika Mtwara. Viti vyangu vikayeyuka kama barafu ya juisi. Ijumaa ndege iliondoka imejaa mpaka nadhani hata mhudumu alikaa kwa huruma. Nikataka kununua tiketi kamili ya kesho yake. Zimekwisha. Basi la jioni? Nikajisemea, ah, Jumamosi lazima atatokea mtu mmoja atakayechelewa. Yaani mustakabali wa ndoa yangu nikauweka juu ya foleni za Dar.

Na hiyo safari ya bei ndogo tayari ilikuwa imekula teksi za Mtoni kwenda na kurudi, chakula cha uwanjani ambako chai inauzwa kama dawa ya figo, na siku zangu za likizo. Hesabu sikuifanya. Niliogopa jibu.

Jumamosi asubuhi ba'mdogo akafika na kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya mkono, na chini makubazi ya ngozi yanayong'aa. Mavazi ya posa, yamekamilika.

Neema, mwenzangu wa kaunta, akamtazama miguu.

"Idi, viatu vya wazi hivyo."

"Neema, huyu ni mshenga."

"Najua. Vidole vyake navyo vinajua masharti?"

Nikavua viatu vyangu nikampa. Vilimzidi. Mie nikavaa makubazi yake, yakanibana, tukabaki tunatembea kama watu waliobadilishiwa miguu.

Nikamsihi: "Ba'mdogo, humu ndani tafadhali usiongee na abiria. Ni sharti."

Akaniangalia kwa masikitiko. "Mwanangu, umenileta kuposa halafu unaniambia ninyamaze?"

"Utaongea Mtwara."

"Haya. Lakini ulimi ukikaa bila kazi unapata kutu."

Kisha muujiza ukatokea. Kaunta ikafungwa, abiria mmoja hajaonekana. Neema akamwita ba'mdogo, akampa boarding pass. Aisee! Nilitaka kumbusu yule dada kwenye kitambulisho chake. Nikamsindikiza mzee mpaka ukumbi wa kusubiria, mie kitambulisho kinaniruhusu. Akakaa katikati ya wanunuzi wa korosho, mikono juu ya magoti, mdomo kaufunga kama bahasha.

Nilikuwa naandika meseji kwa Salma kwamba mzee ameshapata kiti. Nikabonyeza kutuma.

Hapohapo akaingia jamaa anakimbia, jasho, tai begani. Yule abiria aliyechelewa. Amelipa nauli kamili, ndege haijaanza kupakia, na wakubwa wamesema apokelewe. Foleni za Dar zimeniangusha hata kwa kufunguka.

Neema akaja taratibu, uso umemshuka.

"Baba, samahani sana. Naomba hiyo karatasi."

Ba'mdogo akaitoa mfukoni, akamkabidhi. Mzee ambaye hajawahi kurudi mtaani na jibu la hapana, sasa anarudi bila hata kuuliza swali.

Halafu akasimama.

"Assalaam aleikum jamani," akasema, sauti ileile ya barazani. "Naitwa Shomari, natokea Mtoni. Sina ugomvi na mtu. Nimekuja kuposa."

Mie nikajisogeza nyuma ya nguzo.

"Mzee, unaposa uwanja wa ndege?" mtu akauliza, watu wakacheka.

"Mchumba ndipo alipo, nifanyeje? Nimesikia humu kuna kiti. Kimelelewa vizuri, hakina maneno mtaani. Nimekuja kukiomba kwa wazazi wake, kwa adabu, hata nikiambiwa nirudi kesho nitarudi. Ila kesho nitakuwa nimechelewa."

Neema akamsogelea. "Baba, hairuhusiwi kuwaomba abiria."

"Mwanangu, shirika sijaliomba kitu. Naongea na wazazi wa kiti."

Jamaa mmoja wa shati la drafti, mnunuzi wa korosho, akaweka simu zake chini. Nadhani kwao nao wanajua mambo haya, maana alikaa vizuri kama mkwe.

"Tumekusikia mzee. Huyo anayetaka kuoa ni nani?"

"Kijana wangu, yule pale anayejificha nyuma ya nguzo."

Ukumbi mzima ukageuka. Nikapunga mkono.

"Anafanya kazi gani?"

"Humuhumu. Kitengo cha mabegi yaliyopotea."

"Ahaa! Basi hapa hakuna mke. Begi langu halijaonekana tangu msimu uliopita!"

Watu wakaangua kicheko. Ba'mdogo hakutikisika.

"Ndiyo maana nataka aoe, bwana wangu. Mtu asiye na mke anaona nini? Akitulia nyumbani, hata begi lako ataliona."

Mama mmoja wa dera la njano akadakia: "Mpe bwana, mpe! Mzee mwenyewe kavaa viatu vya kuazima, humwonei huruma?"

Jamaa akacheka, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida: "Lakini mzee, kweli unakwenda kwa nani?"

Ba'mdogo naye akaacha mzaha. Akaeleza kwa maneno machache. Alasiri ya leo. Watu wamekaa kwa mara ya pili. Binti anasubiri ndani. Baba yake amesema hakuna ya tatu.

Yule wa tai begani, aliyekuja anakimbia, akaangalia sakafu.

"Mnada wangu Jumatatu," jamaa wa drafti akasema, akanyanyua mkoba wake. "Nilikuwa nawahi kula pweza tu. Dada, niandikie ndege ya kesho. Mzee, kiti umepewa. Na mahari?"

"Utakaa meza ya mbele harusini, utakula mpaka ujute."

Mama wa dera akapiga vigelegele ambavyo nina hakika rubani alivisikia. Neema akaniangalia kwa jicho lenye mambo mawili: hongera, na pole kwa yatakayokuja.

Ndege ikaondoka na mshenga.

Nilishinda siku nzima dirishani kwangu. Watu wananitukana kuhusu mabegi, mie nawaza baraza moja ya Mtwara. Alasiri ikaingia. Ikapita. Jua likaanza kulegea juu ya mabati ya Kipawa, simu bado imelala kama haikuwahi kuzaliwa.

Ikaita. Salma.

"Wamekubali," akasema. Nikasikia vicheko na sahani nyuma yake. "Baba kasema mshenga ni mtu wa maana sana. Wewe bado anakuchunguza."

Nililia, wakuu. Abiria aliyekuwa mbele yangu akadhani nimeguswa na begi lake.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Taarifa ilishaandikwa: mgeni wa mfanyakazi amewasumbua abiria waliolipa. Bosi akakunja uso, akanisomea adhabu. Nimefungiwa tiketi za wafanyakazi kwa mwaka mzima, mie na ndugu zangu wote.

Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Moyoni ngoma ya mdundiko inapigwa.

Mama mwenye nyumba nilipompa habari akasema "pole baba", na Bukoba haikutajwa tena. Kinyozi akaanza kunikata nywele kimya. Ba'mdogo alirudi kwa basi kwa hiari yake, akasema huko angalau ukishakaa hakuna anayekuja kukuomba karatasi. Harusini familia nzima tulikwenda kwa basi, tumelipa, tumekaa, na tumelalamika njia nzima kwa haki yetu. Jamaa wa drafti alikuja. Alikaa meza ya mbele.

Nilichojifunza: tiketi ya standby ni ya mtu asiye na pa kuwahi. Kama kuna harusi, msiba, mgonjwa au mtihani, lipa nauli kamili au panda basi. Kitu cha bei ndogo kinachokulazimisha kumwomba mgeni akupishe si cha bei ndogo. Na ukitaka kujua ndugu yako wa ndege anakupenda, muombe tiketi. Akikukatalia, huyo anakupenda.

Mwaka wa adhabu umekwisha juzi. Wamenitumia ujumbe wa pongezi, haki zangu zimerudishwa, mie na mke wangu na wazazi wa pande zote mbili.

Nikamwonyesha Salma. Akausoma mara moja, akanirudishia simu.

"Futa," akasema, "kabla mama hajaona."

Nimefuta. Haya, nyie wenye ndugu uwanjani, na nyie ndugu wenyewe mnaosumbuliwa, shusheni yenu hapo chini. Na kama kuna mtu humu bado anatafuta begi, naomba asinifuate inbox.