Wanawake Waliovuta Kamba

Kamba ya kumbi ikilowa maji ya chumvi hunuka kama nazi iliyosahauliwa jikoni, na harufu hiyo hunipandisha hasira kabla hata sijakumbuka kwa nini. Tuliishi kijiji cha wavuvi nje kidogo ya Maskati, kwenye hori lililobanwa na majabali, na wengi wetu tulikuwa watu tuliorudi kutoka Unguja. Chombo kikipinduka mlangoni mwa hori, kamba ndefu ilitolewa bandani, mtu akajifunga kiunoni na kuogelea, wengine wakabaki pwani kuvuta. Ufunguo wa banda alikuwa nao Nahodha Saidi, na desturi ilijulikana: kamba ni ya wanaume. Wanawake kazi yao kukaa ndani na kusoma dua.

Msimu mmoja wa baridi, bahari imechafuka, wanaume walikwenda mji wa pili kuswali Ijumaa, maana msikiti wetu ulikuwa mdogo. Hamedi, kijana wa Nahodha Saidi, alikuwa bado baharini. Mashine ilimzimikia, wimbi likampindua mbele ya macho yetu. Mama yangu alilitazama kufuli la banda, akaokota jiwe.

"Bi Asha, utatutia maneno," jirani mmoja akamwonya.

"Maneno hayazamishi mtu," Mama akajibu, akapiga.

Bi Moza, aliyejifunza kuogelea Unguja na kumficha mumewe siri hiyo miaka yote, akajifunga kamba akaingia. Tulivuta, wanawake na watoto, kanga zimelowa, viganja vimechunika, mpaka Hamedi akalala mchangani anatapika maji. Wanaume waliporudi, Nahodha Saidi alimshika mwanawe kichwa, akamshukuru Mungu, kisha akaenda bandani. Alirudi na kufuli mkononi.

"Nani kavunja hili?"

Nani kamwokoa mwanawe, hakuuliza. Baba yangu aliangalia chini, kana kwamba mchanga ulikuwa na jambo la kumwambia. Bi Moza alizuiwa kutoka nyumbani msimu mzima. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda ana udhuru: hajawahi kuswali Ijumaa.

Miaka ikapita, elimu ikanifikisha Denmark, nikasoma makala kuhusu historia ya bahari mbele ya wataalamu, mimi nisiyejua hata kuelea. Walitutembeza kijiji cha wavuvi, kwenye banda la zamani la mashua ya uokozi. Ukutani yaliandikwa majina ya waliookoa watu, wakiwamo wanawake walioikokota mashua ile mchangani. Sikuweza kuyatamka, ila niliyaonea wivu. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu mzima anaweza kuuonea wivu ukuta.

Mwezi uliopita Hamedi, sasa tajiri wa Bawshar, mjini Maskati, mwenye tumbo la heshima, aliniita nimnyooshee maneno ya ubao anaotaka kuusimamisha pale horini. Ulianza hivi: "Wanaume mashujaa wa pwani hii." Nikamwomba amtie Bi Moza na Mama.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "wanawake wetu wana sitara yao. Majina yao hatuyabandiki njiani."

"Siku ile sitara ya Bi Moza ilikuwa kanga iliyolowa, na wewe uliikumbatia kwa mikono miwili."

Akasema astaghfirullah, akaagiza kahawa.

Nikipima, zamani walau walitukaripia usoni. Leo tunafutwa kwa adabu, kwa kahawa na halua, na mfutaji anataka nimsahihishie tahajia. Nilimweleza Mama, nyumbani kwetu Khuwair, nikitaraji atanituliza. Hakuacha hata kuchambua mchele wake.

"Weye si mwandishi? Mie nna jina, kanipa babaangu. Liandike. Na la Moza liwe mbele, yeye ndiye aliyeingia majini."

Basi, Hamedi, kwa kuwa ubao wako hauna nafasi: aliyekufuata majini ni Moza binti Nasoro, Mungu amrehemu, na aliyekuvuta ni Asha binti Khalfani.