Oili Niliyoimwaga Mtera

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Mtera ambayo hainitoki kichwani. Nitakusimulia yote, hata pale ninapoonekana mjinga.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mali za umma zinauzwa na kila mtu anajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa fundi wa injini za dizeli katika gereji moja ya Kizota, Dodoma mjini, kijana wa Makole, najiona najua yote. Bosi wangu alikuwa amenunua boti kuukuu ya mradi uliokufa, akanipakia kwenye pikapu hadi bwawa la Mtera. Tulikuta boti imevutwa mchangani. Nilipofunua mbao za chumba cha injini, maji yalikuwa yamejaa hadi magotini, na juu yake imetanda oili nyeusi.

Kazi ile ina utaratibu wake. Unayaacha maji yatulie, oili inapanda juu, unaichota kwa kopo na kuitia kwenye pipa, halafu mabaki unayafyonza kwa matambara. Inakula siku nzima, na mgongo utakuambia. Bosi alitaka boti ishuke majini mchana ule ule, basi nami nikatafuta njia ya mkato. Bwawani sikumwaga, kwa sababu niliona ng'ombe wanakunywa, na nikajisifu moyoni kwa huruma yangu! Hatua chache kutoka kwenye boti palikuwa na shimo mchangani, limezungushiwa miiba. Nikadhani ni la takataka. Nikaisogeza miiba, nikamwaga ndoo kumi na kitu huku napiga mluzi.

Ndipo akaja Bibi Mwaja, mama mmoja wa Kigogo wa pale kijijini, na wake wawili wa wanawe, kila mmoja na ndoo. Nilimwamkia shikamoo, akanipita hadi kwenye miiba niliyoisogeza. Alikuwa anatazama shimo.

"Wewe umetoka wapi?"

"Mjini, bibi. Makole."

"Huko Makole mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya bomba."

"Basi bomba letu ndilo hili. Ya bwawani ni ya ng'ombe. Sisi tunachimba mchangani, maji yanajichuja, tunaweka miiba mbuzi wasiingie. Sikujua kama nilitakiwa kumzuia na fundi."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nimezaliwa Dodoma, nchi ya kutafuta maji kwa jembe, na kisima kilikuwa mbele yangu nikakiita jalala.

Bosi akaja kuona kwa nini kazi imesimama. Nilipomweleza, akacheka.

"Mchanga wote huu, watachimba kingine. Malizia humo humo, tushushe boti."

"Simwagi, bosi."

"Unasemaje?"

"Simwagi. Zile za kwanza nilimwaga kwa kutojua. Hizi zilizobaki nikimwaga, nitakuwa nimekusudia."

"Basi kazi huna."

"Sawa. Ila boti hii haishuki na oili yake, na kwenye chumba cha injini sitoki."

Nikapanda botini, nikakaa juu ya injini. Usidhani nilikuwa simba, mwanangu. Mke wangu alikuwa mjamzito na gereji ile ndiyo iliyotulisha. Lakini Bibi Mwaja alisogea akasimama kando ya boti, na wale wake za wanawe wakamfuata. Bosi alitutazama, akatukana, akaondoka na pikapu kwenda kutafuta fundi mwingine.

Nikaichota oili kwa kopo mpaka pipa likajaa, kama nilivyotakiwa tangu mwanzo. Kisha nikaazima jembe, nikautoa mchanga ulioharibika, nikachimba kisima kipya mbali na pale. Siku mbili. Bosi aliporudi aliikuta boti safi, akaichukua bila asante, na kazi hakunirudishia.

Maji yalipotulia, Bibi Mwaja aliniambia kwamba kwao aliyechimba ndiye anayekunywa kwanza, watu wakiona. Nikapiga goti nikanywa. Yalikuwa na ladha ya udongo, na sijawahi kunywa maji kwa furaha namna ile.

Nilihangaika miezi bila kazi, nikabeba mizigo sokoni, na nikirudishwa leo juu ya injini ile nakaa tena. Sijuti hata chembe. Basi nakuambia wazi: kabla hujamwaga chochote, uliza nani anakunywa hapo. Ukikosea, kubali na shika jembe mwenyewe. Na mwenye pikapu, mwenye ofisi au mwenye cheo akikuamuru uharibu maji ya watu, mkatalie usoni, hata sauti ikikutetemeka, hata kama mshahara ni wake.

Mungu akupe riziki ambayo huhitaji kuificha, na popote utakapopita, wenyeji wakukaribishe maji bila kusita.